Salumu Alivyolirudisha Jeneza la Makurunge

Siku ile kwenye njia ya Makurunge tulikuwa hawa. Mimi, Mwajuma binti Hatibu, mhudumu wa wodi ya wanaume. Mzee Abeid Mtoro, dresa, mfunga vidonda wa hospitali, aliyenifundisha kazi. Mkewe mdogo alikuwa binamu ya mama yangu, kwa hiyo nje ya wodi nilimwita baba mdogo na ndani ya wodi nikimwita Mzee Abeid. Juma Mapande, dereva wa Landrova ya hospitali, aliyenyonya pamoja na kaka yangu, basi naye ni ndugu. Shehe Ramadhani Mwinyikombo, imamu wa msikiti wa pale kijijini, ambaye hakuwa na udugu na yeyote kati yetu. Mwinyimvua, mchuuzi wa ng'onda, samaki wakavu, na baiskeli yake, jirani wa huyu ninayemtaja sasa hivi. Na Salumu Mkwachu wa mtaa wa Dunda mjini kwetu, utingo wa lori, kijana wa kifua kipana, amelala chali mchangani kando ya lori lililolala ubavu, nazi zimetapakaa kila upande kama watu wameacha mechi katikati.

Wengine walikuwepo, na majina yao ninayo, lakini hao ndio wenye habari hii.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi za wodi. Nasikia mnasomeshwa miaka mitatu. Mimi nilisoma darasa la pili nikaolewa, kuandika vizuri nimekujia ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu alikuwa akinicheka herufi zangu zinavyoachana. Ziacheni ziachane. Nina jambo la kusema, na nimechoka kusikia vijana wa sare safi wakisimama mlangoni mwa mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo wakinong'ona, "Huyu amekwisha." Amekwisha nini? Amekuwa mafuta ya taa?

Enzi hizo Azimio lilikuwa bado jipya, barabara ya Makurunge ilikuwa mchanga mtupu, na malori yalipakia nazi chini na watu juu. Utingo alikaa juu kabisa, kwa sababu ndiye wa kuruka gari likikwama. Siku ile gurudumu la nyuma liliingia shimoni, lori likalala, Salumu akaangukia mgongo na gunia likamfuata. Sisi tulikuwa tunatoka kuchanja ndui vijijini. Tulipofika, wanaume wanne walikuwa wamemshika kwapani wanataka kumkalisha anywe maji. Si watu wabaya. Mtu akianguka, sisi wa pwani tunamwinua, tunampa maji, tunampepea. Hiyo ndiyo heshima yetu. Lakini Mzee Abeid, ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo wala baada, alipiga ukelele kutoka dirishani: "Mwacheni chini! Msimkunje!"

Wakamwacha. Mzee Abeid alipiga magoti, akambana kichwa kwa viganja viwili, akamwambia asijibu kwa kutikisa kichwa bali kwa mdomo. Akamuuliza kama anasikia mguuni. Salumu akasema, mguu upi, Mzee, mbona mmenifunika blangeti zito hivi? Hakukuwa na blangeti.

Wajukuu zangu, mtu wa namna hiyo hawekwi katika shuka akabebwa kama samaki wavuni. Mgongo unataka ubao. Machela hatukuwa nayo. Safari ya chanjo haibebi machela. Mzee Abeid akaagiza mlango. Milango ya pale ilikuwa ya makuti yaliyosukwa, unaupindisha kama mkeka. Vitanda vilikuwa vya kamba, katikati vimebonyea. Tukaangalia huku na huku, na macho ya watu wote yakaishia mahali pamoja na kila mmoja akayaondoa upesi. Ukutani pa msikiti palikuwa na jeneza. Mbao za mvule, zimenyooka, mikono minne.

Hakuna aliyetaka kulitaja. Mtu mzima haweki mtu hai juu ya jeneza, hata kwa mchezo. Watoto wakilikalia hupigwa. Mzee Abeid ndiye aliyekwenda kwa Shehe Ramadhani, akampa mkono, akasalimia salamu ndefu ya kutosha kama vile hatuna haraka, halafu akaomba. Shehe alimtazama Salumu pale mchangani, akalitazama jeneza. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba umri wangu wote:

"Jeneza hili linakwenda na mtu na kurudi tupu. Mkiliondoa na mtu hai likarudi tupu, nitawaambia nini watu wangu? Lichukueni. Ila likirudi, alirudishe mwenyewe."

"Nani, Shehe?"

"Huyo aliyelala. Aje na mdomo wake aniambie ahsante."

Salumu alisikia. Alikuwa na maumivu hayo yote na bado alicheka kidogo, akasema inshallah, Shehe, niwekee chai.

Sasa sikilizeni jinsi ya kumpandisha, maana hilo halijabadilika hata kama vifaa vimebadilika. Watu wa upande mmoja, mmoja kichwani, na anayeamuru ni wa kichwani peke yake. Mtu anageuzwa kama gogo, mabega na nyonga kwa pamoja, hapindwi kiunoni. Ubao unaingizwa chini yake, anarudishwa juu yake. Tulimwegemeza kichwa kwa mifuko miwili ya mchanga tuliyoitengeneza kwa mikono ya shati la Juma, na Juma akaendesha amevaa singlendi. Bi Mwajuma, aliniambia njiani, shati hilo nilinunua la Idd. Nikamwambia Idd itakuja nyingine.

Jeneza halikuenea ndani ya Landrova. Mikono miwili ilitokeza nyuma, mlango tukaufunga kwa kamba. Na kwa kuwa mgongo hautaki mtikisiko, Juma aliendesha polepole kuliko mtu anayetembea. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mwinyimvua alitupita na baiskeli yake. Alikuwa amefika pale tumekwisha mpakia. Aliona shati la Salumu, akaona jeneza, hakuuliza. Akakanyaga mpaka Dunda akilia.

Tulipoingia mjini watu walikuwa wanavua kofia. Wanaume walitoka barazani wakaanza kutufuata, maana jeneza likipita mtu husindikiza japo hatua chache, apate thawabu. Mmoja aligusa mkono wa jeneza akisoma kimya, akachungulia ndani, Salumu akamwambia, "Shikamoo, Mzee Shomvi." Mzee Shomvi Hamisi, Mungu amrehemu, alikaa chini katikati ya barabara.

Lakini nyumbani kwa Salumu hakuna aliyechungulia. Tulipokwisha kumlaza wodini nilikwenda mwenyewe kuwapa habari, nikakuta turubai limefungwa, masufuria yako mekoni, kaburi limekwisha agizwa kwa wachimbaji. Mama yake, Bi Tatu, ameshikwa na wanawake huku na huku. Na mkewe Mwanaidi, binti wa mwaka mmoja tangu harusi, wamekwisha mtoa hereni, wamemfunika shuka jeupe, wamemkalisha kona kwenye mkeka. Wamemtia eda, na mumewe yuko wodini anaomba maji.

Nilisema Salumu yu hai. Hakuna aliyenisikia kwa kilio. Nikarudia kwa sauti ambayo tangu siku hiyo Dunda nzima wananijua kwayo. Mwanaidi akanyanyua shuka usoni, akaniuliza, "Bi Mwajuma, una hakika?" Nikamwambia mumeo kanituma nikuulize kama mmekula. Hakunituma. Lakini aliondoka mkekani na lile shuka likiburuzika nyuma yake, akapita katikati ya waliao, na hereni zake alikuja kuzichukua siku ya pili.

Mnaweza kucheka, sisi tulicheka sana, baadaye. Ila mtu akishaliliwa kuna kitu kinafungwa katika mioyo ya watu, na kukifungua ni kazi. Daktari wetu, Dakta Merali, mtu mpole wa miwani minene, alimpeleka Salumu Dar es Salaam. Akakaa huko miezi. Akarudi mfupa umeshika na miguu haijarudi. Dakta Merali alituambia ukweli wote, mimi na Mzee Abeid na Mwanaidi tukisikia: uti umekatika, kutembea hatatembea, lakini kuishi ataishi, kama ngozi na mkojo vitatunzwa. Akasema vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoua, si mgongo. Na kutunza ngozi, akasema, siwezi mimi kwa kalamu, mnaweza nyinyi kwa mikono.

Basi tukaanza. Saa ya ukutani ilikuwa moja, ofisini. Sisi tuligeuza kwa adhana. Adhana ikilia, Salumu anageuzwa. Katikati ya adhana na adhana, anageuzwa tena. Na baada ya Isha zamu inashikwa mpaka Alfajiri. Chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Mito ya sufi katikati ya magoti na chini ya vifundo, kisigino kielee hewani, kisiguse shuka. Shuka linyooshwe, kunjo moja la shuka ni kisu. Nyinyi mmefundishwa kutazama wekundu wa kidonda cha kulalia. Wekundu gani kwenye ngozi nyeusi ya Salumu Mkwachu? Mzee Abeid alinifundisha kutumia mgongo wa kiganja: pitisha juu ya mfupa wa chini ya kiuno, sikiliza joto, sikiliza ugumu. Penye joto, mtu asipalalie mpaka papoe. Mpira wa mkojo uchemshwe, mikono ioshwe kama unakwenda kuswali, na mgonjwa anywe maji mengi hata akutukane. Salumu alinitukana. Aliniita mkuu wa gereza. Nilimwitikia abee.

Siku moja akaja ami yake, Mzee Kondo Mkwachu, ndugu mdogo wa marehemu baba yake. Alisalimia vizuri, akakaa kwenye kiti, kofia mkononi. Akasema kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko ukali: familia imeshauriana, Salumu apelekwe chumba cha uani, mama yake awe anamtazama mpaka Mungu atakapotimiza. Na Mwanaidi ni kijana, apewe talaka yake, asizeekee kwa mtu wa kitandani.

"Sisi tulikwisha mlia," akasema. "Alikwisha."

Nilimtazama Salumu. Amegeuza uso ukutani. Sauti ikatoka huko huko ukutani: ami ana haki, mwiteni shahidi, nitatamka.

Mwanaidi alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Aliliweka chini taratibu. Wazazi wake walimlea vizuri, hakuwa msichana wa kujibu wakubwa.

"Ami, shikamoo. Mlinitia eda ya mume aliye hai. Nikaikaa, mchana mmoja, na imenitosha. Mkitaka kunitia ya pili, ngojeni afe kweli."

Nami, ambaye kazi yangu ilikuwa kufagia na kubeba ndoo, nikasema na yangu. Nilimwambia Salumu atazame nje dirishani. Kwenye baraza ya wodi, limeegemezwa ukutani, lilikuwa lile jeneza. Tangu siku ile lilikuwa pale. Wagonjwa wengine walilalamika, Mzee Abeid akalifunika gunia, lakini halikuondoka, kwa sababu Shehe Ramadhani alikwisha chonga jingine na kila mtu aliyetoka Makurunge alileta ujumbe uleule: bado tunangoja.

Nikamwambia, "Talaka utatoa ukipenda, mke ni wako. Lakini uliahidi mbele yangu. Nani atakwenda kumwambia Shehe kwamba chai yake imepoa?"

Salumu akauliza kama uji una sukari.

Msidhani baada ya hapo mambo yalikwenda shwari. Alipotoka wodini kwenda nyumbani, tulimfundisha Mwanaidi kila kitu, na majirani wawili wa kiume wa kumsaidia kugeuza. Tukasahau kwamba mama ni mama. Bi Tatu aliona miguu ya mwanawe baridi, imekonda, akafanya linalofanywa kila nyumba ya pwani: akachemsha maji na majani ya mpera, akachovya kitambaa, akamkanda. Akamkanda kwa mapenzi, akimsomea dua, maji yanatoka moto kwenye sufuria. Na Salumu hakusema moto, kwa sababu hakusikia moto. Walikuwa wanazungumza habari za utoto wake. Mwanaidi aliporudi kutoka kisimani alikuta ngozi ya vigimbi vya miguu imeinuka malengelenge.

Nilikuta Bi Tatu amekaa uani, mikono juu ya kichwa. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu yote mdomoni. Akaniambia, "Mwajuma, nimempika mwanangu." Hasira ikanitoka. Nikakaa naye, tukalia pamoja, halafu nikamwambia ainuke tukafanye kazi. Sikumkataza kukanda, nani angeweza kumkataza? Nilimfundisha kwanza atumbukize kiwiko chake mwenyewe, kama anavyofanya kwa maji ya kuogesha mtoto mchanga. Kiwiko kikikubali, amkande mwanawe mpaka achoke. Tangu hapo hakuna aliyetunza miguu ile kama yeye. Mkienda majumbani, fanyeni hivyo. Msimnyang'anye mama kazi yake, mpeni kipimo.

Malengelenge yalimrudisha wodini majira mazima. Maji ya chumvi yaliyochemshwa, chachi, na kungoja. Mzee Kondo akasema mnaona. Nikasema tunaona, na tunaendelea.

Mikono ya Salumu ndiyo iliyoniokoa nisichoke. Mwanaume wa kupakia magunia hawezi kulala mikono imekunjwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili, Athumani wa Kaole, alikuwa akishona kofia za viua, akamfundisha. Zile za mwanzo zilikuwa mbaya, Athumani akasema zinafaa kumvalisha punda. Za baadaye watu waliziagiza. Na hapo tukapata ujanja ambao sijauona kwenye kitabu chenu chochote: alipoanza kukaa kitini, nilimwambia kila akimaliza safu moja ya mshono, ajiinue kwa mikono, makalio yaache kiti, ahesabu pole pole kisha ashuke. Safu na kujiinua, safu na kujiinua. Kofia moja ya Salumu ilikuwa na kujiinua kote huko ndani yake, na ngozi yake haikufunguka tena.

Kiti chenyewe alikiunda Fundi Kanji wa duka la baiskeli: magurudumu mawili ya baiskeli, moja la toroli mbele, kiti cha mninga, na mto wa sufi wenye shimo katikati. Fundi Kanji alikisukuma mwenyewe kutoka dukani, amekikalia mwanawe, mtaa mzima unamfuata. Breki hakikuwa nayo. Salumu alisema yeye na breki walikwisha achana Makurunge.

Na ndipo akasema twende.

Tulikwenda Ijumaa. Juma Mapande aliendesha, amevaa shati jipya kwa tahadhari, akasema safari hii hakikatwi kitu. Mzee Abeid alikuwa amekwisha staafu, tukampitia kwake. Mwanaidi, hereni masikioni. Bi Tatu na birika. Jeneza tulilifunga juu ya gari, kiti kikaingia ndani. Njiani watu walivua kofia, na Salumu akiwapungia mkono kutoka dirishani.

Makurunge walikuwa wametoka swala. Tulimshusha, akakaa kitini, akatuambia tulilaze jeneza juu ya mapaja yake, kwa upana. Mzee Abeid akasema litakuumiza ngozi bila wewe kujua, tukaweka mito. Nikataka kusukuma kiti. Akanikatalia. Mchanga wa pale mnaujua. Alisukuma magurudumu kwa viganja vyake, kiti kinazama, anakitoa, kinazama, anakitoa, jeneza linayumba, na hakuna mwanaume hata mmoja wa msikiti ule aliyethubutu kumsaidia, kwa sababu Shehe Ramadhani alikuwa ameinua mkono kuwazuia, na mashavu ya Shehe yamelowa.

Alipofika ngazini akavuta pumzi.

"Asalamu alaykum, Shehe. Maiti wenu nimerudi. Ahsante kwa kitanda."

Shehe Ramadhani akaitika salamu yote mpaka mwisho. Akaweka mkono juu ya ubao ule. Akasema, "Umechelewa. Chai tumeichemsha mara nyingi."

Salumu aliishi baada ya hapo miaka mingi kuliko wengi waliomlia. Alipata binti, akamwita Mwajuma, na mimi sikumwomba. Mzee Kondo alipofariki, aliyekaa barazani kupokea mikono ya rambirambi alikuwa Salumu, kitini kwake, kofia yake ya viua kichwani, anajiinua kila baada ya muda kama nilivyomfundisha. Alimlilia ami yake kwa haki. Nilimwona.

Hii leo mna magodoro ya hewa, mna glavu, mna mashine ya kupiga picha mfupa. Pikipiki zinawaletea wagonjwa wa namna hii wengi kuliko malori yetu. Vitumieni vitu hivyo vyote. Ila neno lile la mlangoni likinifikia masikioni, nitakuja na fimbo yangu.

Macho yangu yamepungua na baadhi ya mambo huenda nimeyachanganya. Labda lori lilibeba nazi na mkaa pia. Labda Athumani alikuwa kitanda cha tatu. Watu wa Dunda, wa Kaole, wa Makurunge, mliokuwepo au mliosimuliwa na wazee wenu, njooni mnisahihishe. Nipo nyumbani, nakaa ukumbini, mlango haufungwi. Mtu akiniambia nimekosea jina, nitamshukuru na nitaliandika upya. Lakini asije mtu kunisahihisha kwamba yule kijana alikuwa amekwisha. Nilikuwa nyuma ya kiti chake siku ile, mikono mitupu, nikifuata alama za magurudumu yake mchangani.